Mwongozo kamili: Kutuma sampuli za mlipuko kutoka wilayani hadi maabara ya rufaa, ndani na nje ya nchi

Sanduku lilifika maabarani kwetu saa mbili usiku, limezungushiwa utepe wa kahawia pande zote. Ndani, tyubu nne za damu zilikuwa zinaelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka. Majina yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya wino, na wino wote ulikuwa umefutika. Fomu ilikuwa imewekwa chini kabisa; tuliikuta imekuwa uji. Wagonjwa wanne, na hakuna aliyeweza kusema damu ipi ni ya nani. Tuliomba wachukuliwe damu upya. Mmoja wao alikuwa ameshazikwa.

Makosa ya namna hiyo yanarudi kila msimu, na hayatokani na uvivu. Watu hufundishwa kupima, hawafundishwi kutuma. Mwongozo huu ni kwa mtaalamu wa maabara, muuguzi au mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa aliye wilayani, ambaye sampuli yake huenda ikaishia Dar es Salaam, Entebbe, Nairobi, Kinshasa au Hamburg.

## Kabla ya kuanza: andaa sanduku la mlipuko

Vitu hivi vikae pamoja mahali pamoja, na watu wasiopungua wawili wajue vilipo:

- Tyubu za plastiki zenye EDTA, dawa inayozuia damu isigande (kifuniko cha zambarau) na tyubu kavu za kugandisha damu (kifuniko chekundu). Usitumie za kioo.
- Vijiti vya pamba, na Cary-Blair (uji wa kusafirishia bakteria wa kinyesi) ambayo muda wake haujapita.
- Vyombo vya pili vigumu, vyenye kifuniko cha kuzungusha, visivyovuja.
- Masanduku ya nje magumu yenye alama zilizochapishwa: UN3373 na UN2814 (maana yake iko Hatua ya 2).
- Pamba au taulo za karatasi za kunyonya, mifuko ya plastiki ya fomu, na kalamu zisizofutika kwa maji.
- Pakiti za barafu zilizogandishwa, kibebeo na kipimajoto.
- Glavu, barakoa, miwani au ngao ya uso, magauni yasiyopitisha maji, klorini ya 0.5% na kisanduku cha sindano zilizotumika.
- Fomu za uchunguzi tupu, na karatasi moja yenye namba za simu: Mganga Mkuu wa Wilaya, mratibu wa mkoa, maabara ya taifa, na afisa afya wa mpaka ulio karibu nawe.

Karatasi hiyo ya simu ndiyo inayokosekana mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ibandike ndani ya kifuniko cha sanduku.

## Hatua ya 1: Piga simu kabla ya kumtoboa mgonjwa

Usianze na sindano. Mjulishe mratibu wa wilaya, naye amjulishe wa mkoa, kisha maabara itakayopokea ipate habari. Magonjwa ya kuripotiwa mara moja yanatakiwa kufika juu ndani ya saa 24. Nchi nayo, kwa Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ina saa 24 baada ya kufanya tathmini kulijulisha Shirika la Afya Duniani tukio linaloweza kuvuka mipaka. Ukichelewa siku mbili wilayani, saa hizo za juu hazitaokoa mtu.

Simu hiyo iulize mambo matatu: mnataka sampuli ya aina gani, iende maabara ipi, na nani ataisubiri?

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu maabara iliyo karibu huenda si ile uliyoizoea. Januari 2025, Marburg ilipozuka Biharamulo, sampuli zilipimwa kwanza kwenye maabara tembezi ya Kabaile hukohuko Kagera, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam. Katika Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ya 2018 hadi 2020, iliyowapata watu 3,470 na kuua 2,287, INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, ilipeleka maabara Beni, Butembo na Goma badala ya kubebesha ndege kila tyubu. Uliza kwanza.

Onyo: Bukoba iko karibu zaidi na Entebbe kuliko Dar es Salaam, na kishawishi cha kumpigia rafiki uliyesoma naye ng'ambo ya mpaka ni kikubwa. Usifanye hivyo. Sampuli inayovuka mpaka bila wizara kujua hutoa jibu ambalo hakuna mwenye mamlaka ya kulitangaza.

Umefaulu ikiwa: una jina na namba ya mtu mmoja upande wa pili, naye anajua unatuma nini na lini.

## Hatua ya 2: Amua daraja, A au B

Usafirishaji wa kimataifa hugawa vimelea katika madaraja mawili. Daraja A ni vile ambavyo mtu mwenye afya njema akivigusa anaweza kupata ulemavu wa kudumu, hali ya kuhatarisha maisha, au kifo. Hubebwa chini ya namba UN2814. Daraja B ni sampuli nyingine nyingi za wagonjwa, chini ya UN3373.

Kinachowachanganya wengi ni tofauti ya sampuli ya mgonjwa na kimelea kilichooteshwa maabara. Kinyesi cha mtoto anayeshukiwa polio ni B, lakini kirusi cha polio kilichooteshwa ni A. Ndivyo ilivyo kwa bakteria wa tauni na wa kimeta. Ebola, Marburg, Lassa na homa ya Crimea-Congo hazina mjadala: damu yenyewe ya mgonjwa ni A.

Ukiwa na shaka kati ya A na B katika homa inayotoa damu, chagua A.

Umefaulu ikiwa: daraja limeandikwa kwenye fomu kabla hujagusa sanduku.

## Hatua ya 3: Chukua sampuli inayojibu swali

Hapa ndipo sampuli nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Homa ya kutoka damu (Ebola, Marburg). Chukua damu nzima, mililita 4 hadi 5, kwenye tyubu ya EDTA. Kwa maiti, futa kinywani kwa kijiti cha pamba, usimchome sindano. Damu iliyochukuliwa kabla dalili hazijatimiza saa 72 inaweza kuonyesha hakuna kirusi wakati kipo. Kwa hiyo andika siku dalili zilipoanza, na jibu likiwa hasi kwa mgonjwa wa siku mbili, rudia baada ya saa 72 kutimia. Mgonjwa huyo abaki ametengwa hadi jibu la pili.

Kipindupindu. Kijiti cha haja kubwa ndani ya Cary-Blair, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki kama inawezekana. Cary-Blair husafiri katika joto la kawaida. Watu huiweka kwenye barafu kwa nia njema, na kumbe baridi huwapunguza bakteria tunaotaka kuwaotesha. Kipimo cha haraka kinakuambia uanze kujiandaa. Hakitoshi kuthibitisha mlipuko, wala hakikuambii dawa ipi inafanya kazi.

Kupooza kwa ghafla kwa mtoto (polio inayoshukiwa). Vinyesi viwili, vilivyoachana saa 24 hadi 48, vyote ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Kimoja hakitoshi hata kikiwa kingi. Hivi husafiri kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8.

Homa ya uti wa mgongo. Maji ya uti wa mgongo ya kuoteshwa yasiwekwe kwenye friji. Bakteria wake hufa kwa baridi kama miche ya nyanya kwenye umande ulioganda wa Makete.

Surua. Damu kwenye tyubu kavu, iache igande, tenganisha serumu (maji ya damu yaliyojitenga na bonge), kisha iweke kwenye baridi. Usiiweke damu nzima kwenye friza; seli zitapasuka na serumu itakuwa nyekundu.

Onyo kubwa: baadhi ya maabara huua kirusi kwa bafa (kimiminika cha kemikali) yenye guanidini kabla ya kupima, zikiwemo zinazotumia mashine za GeneXpert. Bafa hiyo isikutane na klorini kamwe. Vikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Taka zake ziwe na ndoo yake, yenye maandishi makubwa.

Umefaulu ikiwa: tyubu imejaa kiasi kilichotakiwa, imefungwa sawasawa, imefutwa nje kwa klorini, na hakuna aliyejichoma.

## Hatua ya 4: Andika kana kwamba msomaji hajawahi kufika kwenu

Atakayeipokea huenda hajui Kiswahili, na hata anayekijua hamjui mgonjwa wako. Kila tyubu ibebe vitambulisho viwili: namba ya pekee ya mgonjwa na jina. Namba hiyohiyo iwe kwenye fomu.

Mambo manne yanatupotezea muda kila mara.

La kwanza, saa. Sisi tukisema saa tatu asubuhi, mpokeaji wa Hamburg anasoma saa tisa za usiku. Andika kwa mfumo wa saa 24: 09:00. Kwa baadhi ya vipimo tofauti ya saa sita ndiyo tofauti ya sampuli nzuri na ya kutupwa.

La pili, tarehe. 05/03 ni tarehe tano mwezi wa tatu kwetu, lakini Mmarekani anaisoma tarehe tatu mwezi wa tano. Andika mwezi kwa herufi.

La tatu, majina. "Mama Neema" ni heshima, lakini si jina la fomu. Muulize mama huyo majina yake matatu, uandike kama yalivyo kwenye kitambulisho chake au kadi ya kliniki. Tumewahi kupokea Mama Neema wawili kutoka kijiji kimoja, siku moja.

La nne, umri wa watoto wachanga. Andika miezi au siku, pamoja na neno lenyewe. "3" peke yake inaweza kuwa miaka.

Umefaulu ikiwa: ukimpa mwenzako tyubu na fomu bila maelezo, anaweza kukueleza mgonjwa ni nani, anatoka kijiji gani, aliugua lini na unataka kipimo gani.

## Hatua ya 5: Funga tabaka tatu

Tabaka tatu ni sheria ya kimataifa, na kila moja ina sababu yake.

Tabaka la kwanza ni tyubu yenyewe. Zungushia utepe kwenye kifuniko. Kama ni zaidi ya moja, zifunge moja moja zisigongane.

Kitu cha kunyonya kikae kati ya tabaka la kwanza na la pili, nacho kitoshe kunyonya maji yote yaliyomo. Kipande cha pamba cha ukubwa wa kidole hakitoshi kwa tyubu tano. Jaribu siku moja nyumbani: mimina maji ya kiasi hicho juu ya pamba uone.

Tabaka la pili ni chombo kigumu kisichovuja. Kwa safari ya ndege, tyubu au chombo hiki kihimili msukumo wa kilopaskali 95, kwa sababu hewa ya angani ni nyepesi na vifuniko hulegea. Chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa, hata ukiisafisha namna gani, haifai.

Fomu na orodha ya vilivyomo hukaa ndani ya mfuko wa plastiki, kati ya tabaka la pili na la tatu. Haikai pamoja na tyubu. Ikikaa nazo na tyubu moja ikavuja, anayefungua hawezi kuisoma bila kuigusa.

Barafu nayo hukaa nje ya tabaka la pili. Ndiyo iliyoyeyuka ndani ya lile sanduku la saa mbili usiku.

Tabaka la tatu ni sanduku gumu la nje. Kwa B, upande mmoja wake uwe angalau milimita 100 kwa 100, wenye alama ya UN3373 ya mraba uliosimamia kona na maneno "BIOLOGICAL SUBSTANCE, CATEGORY B". Kwa A, tumia sanduku lililothibitishwa kiwandani kwa UN2814 pekee. Nje andika anwani za mtumaji na mpokeaji, jina na simu ya mtu anayewajibika.

Onyo: sanduku la A likishatumika haliwi la kubebea chakula, na la chakula haliwi la A. Nimeona yote mawili.

Umefaulu ikiwa: ukilitikisa polepole husikii kitu kikicheza, na ukiligeuza halidondoshi hata tone.

## Hatua ya 6: Baridi inayotakiwa

Pakiti za barafu zikitoka moja kwa moja kwenye friza zinaweza kugandisha tyubu zilizo jirani. Ziache nje hadi ukizitikisa usikie maji ndani, ndipo uzipange.

Damu ya Ebola au Marburg huvumilia saa 24 katika joto la kawaida, na hadi wiki moja kwenye nyuzi 0 hadi 5. Ukijua hilo hutahangaika kusimamisha gari kila mji kutafuta barafu.

Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Usiifungie kwenye chombo kisichopumua, kitapasuka. Usisafiri nayo kwenye gari lenye vioo vilivyofungwa. Hufukuza hewa unayovuta. Nje ya sanduku andika UN1845 na uzito wake kwa kilo.

Umefaulu ikiwa: kipimajoto kimeandikwa wakati wa kuondoka na wakati wa kufika, na namba zote mbili ziko ndani ya kiwango.

## Hatua ya 7: Vibali na mkataba

Wengi huanza hatua hii sanduku likiwa tayari uwanjani. Ianze siku ya simu ya kwanza, na vizuri zaidi ianze mwaka ambao hakuna mlipuko.

Kwa sampuli ya kuvuka mpaka unahitaji kibali cha kutoa, kutoka mamlaka za nchi yako; kibali cha kuingiza, kutoka nchi inayopokea; barua ya maabara inayokubali kuipokea; na mkataba wa kuhamisha sampuli. Kwa daraja A kwa ndege, ongeza tamko la mtumaji lililosainiwa na mtu aliyefunzwa usafirishaji wa vitu hatari ndani ya miaka miwili iliyopita. Kama wilayani hayupo, na mara nyingi hayupo, maabara ya taifa ndiyo itakayosaini.

Usisaini mkataba wa kuhamisha sampuli bila kuusoma. Tafuta majibu ya maswali haya ndani yake, na yasipokuwamo, yadai:

- Watapima nini, na nini hawaruhusiwi kupima bila kuuliza?
- Matokeo yanarudi kwa nani kwanza, na ndani ya siku ngapi?
- Mabaki yataharibiwa, yatarudishwa au yatahifadhiwa? Kama yatahifadhiwa, ni mali ya nani?
- Mfuatano wa jeni utawekwa hadharani lini, na kwa majina ya nani?
- Chanjo au kipimo kikitengenezwa kutokana na sampuli hii, nchi iliyoitoa itapata nini?

Ninaumia nikiona daktari wa wilaya aliyevaa gauni la plastiki kwenye jua la saa saba mchana akichukua damu, kisha anasoma habari za damu hiyo kwenye jarida la nje baada ya mwaka, na jina lake halimo. Itifaki ya Nagoya, ya kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, inafanya kazi tangu Oktoba 2014. Mkataba wa Pandemia wa Shirika la Afya Duniani ulipitishwa Geneva Mei 2025, na kiambatisho cha kugawana vimelea na manufaa kikaachiwa mazungumzo zaidi. Karatasi iliyo mbele yako ndiyo inayokulinda leo.

Kuwa na masharti si kuficha. Jibu la afya ya umma lisisubiri hata saa moja kwa sababu ya mabishano ya nani ataandika makala. Weka masharti mapema ili siku ya mlipuko kazi iwe kupima tu.

Umefaulu ikiwa: nakala za karatasi zote ziko kwa mtumaji, dereva, mpakani na mpokeaji kabla gari halijawashwa.

## Hatua ya 8: Safari

Usitume Ijumaa isipokuwa mpokeaji amethibitisha kwamba atakuwapo Jumamosi. Usiweke daraja A kwenye basi la abiria. Kwenye ndege, hairuhusiwi kuibeba kama mzigo wa mkononi, wala kwenye mfuko wa kidiplomasia. Kwa ndege ya abiria, mwisho wa daraja A ni mililita 50 au gramu 50 kwa kifurushi. Kwa ndege ya mizigo ni lita 4 au kilo 4.

Mpakani, iwe Mutukula, Rusumo au Namanga, mpigie afisa afya wa mpaka siku moja kabla, akusubiri. Forodha wakitaka kufungua sanduku, yeye ndiye atakayewaeleza kwa nini halifunguliwi. Dereva peke yake na karatasi zake hawezi kushinda mjadala huo saa tano usiku.

Mfunze dereva jambo moja: sanduku likivuja, asimamishe gari, awaondoe watu, asiliguse, apige namba iliyo juu yake.

Umefaulu ikiwa: unapata ujumbe wa "limepokelewa", wenye saa, joto na hali ya sampuli.

## Hatua ya 9: Jibu likirudi

Jibu la kwanza huja kwa simu, kwa mtu mmoja aliyetajwa kwenye fomu. Mrudishie msemaji namba ya mgonjwa aithibitishe, kisha dai maandishi. Usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp. Familia isisikie msiba wake kutoka kwa jirani.

Kama sampuli imekataliwa, dai sababu kwa maandishi, na chukua nyingine siku hiyohiyo.

Pima mwendo wenu kwa kipimo cha 7-1-7: siku 7 kugundua, siku 1 kuripoti, siku 7 kukamilisha hatua za kwanza za kukabiliana. Andika tarehe ya kila hatua. Mkikuta siku nne zimepotelea kwenye kusubiri kibali, mnajua pa kupigania.

Maabara ya nje ikipata mfuatano wa jeni, omba maelezo yake kwa lugha ya kazi: je, wagonjwa hawa wanatokana na chanzo kimoja au viwili? Jibu hilo ndilo linalowaambia wanaofuatilia waliokutana na wagonjwa kama kuna mtu ambaye hawajampata.

Kisha fungua sanduku la mlipuko, hesabu tyubu zilizobaki, angalia tarehe za Cary-Blair, na ujaze kilichopungua kabla hujaenda nyumbani.